Nyumba Inayotunza Habari za Moto

Jambo ninalotaka kukueleza mwezi huu lilitokea zamani sana, tena mbali. Lilitokea Marekani, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1871. Lakini lisikupite. Kwa sehemu kubwa lilianza na jambo unalolijua vizuri: mkulima kuwasha moto shambani mwake.

Katika jimbo hilo kuna mji mdogo unaoitwa Peshtigo. Katika mji huo kuna jengo dogo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Tangu mwaka 1963 jengo hilo ni makumbusho. Makumbusho ni nyumba ya kutunza vitu vya zamani, ili watu waje wavione na wajifunze. Makumbusho mengine hutunza ngoma, vyungu na mikuki. Mengine hutunza mifupa ya wanyama wa kale. Haya ya Peshtigo yalianzishwa kwa ajili ya moto wa usiku mmoja.

Nyumba hii si tajiri. Inaendeshwa na chama cha historia cha mji huo huo. Wako watu wanaojitolea kuifungua, kuisafisha na kuwaeleza wageni. Wako wanaotoa michango. Huenda utauliza: moto ulikwisha zamani, waliouona wote wamekufa, mji umejengwa upya. Kwa nini watu watoe fedha zao kutunza majivu?

Ni swali zuri. Ili nilijibu, lazima kwanza nikueleze moto wenyewe.

MJI WA MBAO

Mwaka 1871 Peshtigo ulikuwa mji wa watu wapatao 1,700. Ulikuwa umezungukwa na misitu mikubwa ya misonobari. Mto ulipita katikati ya mji. Kazi kubwa ya watu ilikuwa kukata miti na kupasua mbao. Kilikuwako pia kiwanda kikubwa cha kutengeneza vyombo vya mbao. Kiwanda hicho kilitengeneza ndoo, madumu na mipini ya mafagio.

Nyumba zilikuwa za mbao. Njia za kutembelea kwa miguu zilikuwa za mbao. Hata barabarani walimwaga vumbi la mbao, kwa sababu kiwandani lilikuwa jingi na hapakuwa na pa kulitupa. Yaani mji mzima ulikuwa kama kichanja cha kuni.

Nje ya mji walikaa wakulima. Wengi walikuwa wageni waliotoka Ulaya kutafuta ardhi. Walikuta msitu, nao walitaka mashamba. Basi walifanya kama wakulima wengi wanavyofanya hata leo. Walikata miti, wakalundika matawi, wakawasha moto. Wakati huo huo kampuni ya reli ilikuwa inapitisha njia ya garimoshi katika msitu. Wafanyakazi wa reli nao walikata miti na kuchoma matawi. Wakata magogo waliacha takataka za miti kila mahali.

Kila mmoja aliwasha moto wake mdogo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hizo zilikuwa za haki. Hapakuwa na mtu mbaya katika habari hii. Hakuna aliyetaka kuunguza mji. Jambo hili ndilo linalonisumbua kila ninaposoma habari za Peshtigo.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba mno. Tangu mwezi Julai hapakunyesha mvua ya kutosha. Visima vilipungua maji. Hata vinamasi, mahali ambapo zamani mtu angezama mpaka magotini, vilikauka. Udongo wa kinamasi una majani na mizizi iliyooza kwa miaka mingi. Ukikauka, udongo wenyewe unashika moto. Moto ukaingia chini ya ardhi. Juu mtu aliona moshi kidogo tu. Chini, moto ulikuwa unatembea kutoka mzizi hadi mzizi.

ISHARA ZILIKUWAPO

Tunajua mengi kuhusu siku zile kwa sababu ya mtu mmoja aliyeandika. Alikuwa padre kutoka Ufaransa, jina lake Peter Pernin. Mwezi Septemba, wiki mbili na kidogo kabla ya moto mkubwa, padre huyu alikwenda kuwatembelea wakulima nje ya mji. Akaingia msituni kuwinda ndege pamoja na mtoto wa mwenyeji wake. Mara wakajikuta wamezungukwa na moto, hawaoni pa kutokea. Walipiga kelele. Baba wa mtoto na majirani walikuja. Waliupiga moto kwa matawi mpaka wakapata njia ya kuwatoa.

Siku mbili baadaye moto ulikaribia mji wenyewe. Watu walitoka, wakapanga mapipa ya maji kuuzunguka mji, wakapigana na moto mpaka ukarudi nyuma. Hapo wengi walishukuru wakasema hatari imepita. Takataka zilizouzunguka mji zilikuwa zimekwisha ungua, kwa hiyo waliona kwamba moto hauna tena cha kula.

Moshi uliendelea kukaa angani. Mchana jua lilionekana jekundu. Watu waliuzoea moshi. Ndugu msomaji, mtu huzoea kila kitu. Hata sisi, ikifika Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli, tunaona vilima vinawaka usiku na tunaendelea kula ugali wetu. Tunasema, "Ni moto wa watu wa ng'ambo ya pili."

USIKU WA JUMAPILI

Tarehe 8 Oktoba 1871 ilikuwa Jumapili. Jioni upepo mkali ulianza kuvuma. Mioto yote ile midogo, ya wakulima, ya reli na ya wakata magogo, ikapata nguvu mara moja. Ikaungana. Waliookoka walisema walisikia ngurumo kubwa kabla hawajaona mwako. Kisha anga likawa jekundu. Moto ulikuja kwa juu, ukiruka kutoka kilele cha mti hadi kilele cha mti, huku upepo ukirusha makaa na mchanga wa moto.

Padre Pernin alikuwa amechimba shimo katika bustani yake na kufukia vitu vya kanisa. Kitu kimoja hakukifukia. Nacho ni tabernakulo, yaani lile sanduku dogo la altareni ambamo Wakatoliki huhifadhi Ekaristi. Alilipakia juu ya gari la farasi. Lakini farasi alitetemeka kwa hofu, akakataa kutembea. Padre akamwacha, akalivuta gari mwenyewe kuelekea mtoni.

Darajani aliona jambo la kuhuzunisha. Watu wa upande huu wa mto walikuwa wanakimbilia upande ule. Watu wa upande ule walikuwa wanakimbilia huku. Kila kundi lilidhani kwamba wenzao ndiko kuliko na usalama. Watu, magari na ng'ombe walikutana katikati ya daraja, wakakwama.

Padre alilisukuma gari lake majini. Akawasukuma na watu waliokuwa wamesimama kando ya mto wakishangaa, nao wakaingia. Walikaa mtoni kutoka kama saa nne usiku hadi kama saa tisa na nusu alfajiri. Maji ya Oktoba huko ni baridi sana. Lakini mtu akitoa kichwa nje, nywele zilianza kuungua. Ilibidi kujimwagia maji kichwani bila kupumzika. Waliokota nguo na mablanketi yaliyokuwa yanaelea, wakayalowesha na kujifunika. Ng'ombe nao waliingia mtoni. Mwanamke mmoja alikuwa ameshikilia gogo. Ng'ombe alipita akaligeuza. Padre alidhani mama yule amezama. Baadaye akamwona ameshika pembe ya ng'ombe yule yule, anaelea naye.

Huko mashambani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana hapakuwa na mto karibu. Wengine waliingia visimani wakafia humo. Familia nzima nzima zilikwisha. Ndiyo sababu hesabu ya waliokufa haijulikani kamili. Daftari za wakazi ziliungua. Tena aliyeweza kusema, "Fulani alikaa hapa na watoto wake wanne," naye alikuwa amekufa. Inakadiriwa walikufa watu 1,200. Wengine wanasema huenda walifika 2,500. Iliungua nchi ya eka zaidi ya milioni moja. Mpaka leo ndio moto wa msituni uliokwisha kuua watu wengi kuliko yote katika historia ya Marekani.

Mjini ilibaki nyumba moja tu. Ilikuwa haijamalizika kujengwa, na mbao zake zilikuwa bado mbichi.

Siku chache baadaye mtu mmoja alimwita padre aje mtoni. Tabernakulo lilikuwa limekaa juu ya gogo linaloelea. Halikuwa na alama ya moto.

KWA NINI ULISAHAULIWA

Usiku ule ule wa tarehe 8 Oktoba, mji mkubwa wa Chicago nao uliwaka. Chicago iko kiasi cha kilometa 400 kusini ya Peshtigo. Huko walikufa watu wapatao 300. Ni wengi, lakini ni robo tu ya wale wa Peshtigo au hata pungufu. Hata hivyo dunia nzima ilisikia habari za Chicago siku ile ile. Chicago ilikuwa na magazeti, matajiri na nyaya za simu. Peshtigo nyaya za simu ziliungua. Habari zilipelekwa kwa meli mpaka mji wa Green Bay, ndipo zikapigwa simu. Zilifika makao makuu ya jimbo tarehe 10 Oktoba.

Zilipofika, gavana hakuwapo. Alikuwa amekwenda kuisaidia Chicago, na viongozi wenzake pia. Aliyekuwapo ni mke wake, Bibi Frances Fairchild. Mama huyu hakuwa na cheo chochote serikalini. Lakini aliposoma simu ile hakungoja. Stesheni kulikuwa na behewa la garimoshi lililojaa misaada ya kwenda Chicago. Akaamuru liende Peshtigo. Watu wakamtii. Kisha akaona kwamba behewa lina vyakula na nguo, lakini halina mablanketi. Akawaita akina mama wa mji watoe mablanketi ya nyumbani kwao. Yakapakiwa, behewa likaondoka.

Hata kuhusu Chicago watu waliendelea kusimulia kisa cha ng'ombe. Walisema ng'ombe wa mama mmoja aliipiga teke taa zizini. Kisa hicho hakikuthibitishwa kamwe, na mwaka 1997 baraza la mji wa Chicago lilimwondolea lawama mama yule pamoja na ng'ombe wake. Mahali lilipokuwa zizi lile, leo pana chuo cha kufundishia askari wa zimamoto. Napenda sana jambo hilo. Wangeweza kuweka duka.

Na Peshtigo je? Peshtigo haikuwa na kisa cha ng'ombe, wala mwimbaji, wala gazeti. Ilikuwa na kaburi. Karibu na makumbusho kuna makaburi ya waliokufa kwa moto. Katika kaburi moja la pamoja wamezikwa watu wapatao 350 ambao hakuna aliyeweza kuwatambua. Mwaka 1951, miaka 80 baada ya moto, jimbo la Wisconsin liliamua kuanza kuweka mabango rasmi ya kumbukumbu katika mahali pa historia. Bango la kwanza kabisa la jimbo zima liliwekwa katika makaburi haya. Miaka 12 baadaye wenyeji walifungua makumbusho.

VILIVYOMO NDANI

Ukiingia katika nyumba ile usitarajie kuona vitu vingi vya moto wenyewe. Havipo, kwa sababu moto haukuacha kitu. Vipo vichache vilivyookotwa katika majivu. Lipo lile tabernakulo la Padre Pernin. Vitu vingine vingi ni vya maisha ya siku zile: vyombo, nguo, zana za kazi, mali ya watu wa mji huo, ili mgeni aone ni maisha ya namna gani yaliyoteketea.

Yako makumbusho mengine ya moto yaliyo makubwa zaidi. Katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, yako makumbusho ya zimamoto yenye mashine za kuzimia moto zaidi ya mia moja. Moja ni pampu ya mkono ya mwaka 1725, iliyotengenezwa Uingereza. Watu walisimama pande mbili wakibonyeza mti juu na chini, kama mnavyobonyeza pampu ya kisima. Makumbusho hayo yalianzishwa na mtu mwenye fedha ambaye alipenda magari ya zimamoto. Mke wake alimnunulia gari kuukuu la zimamoto kama zawadi ya Krismasi mwaka 1955, naye akaendelea kukusanya mengine.

Ni vizuri tajiri akipenda jambo jema. Lakini mimi navutwa zaidi na Peshtigo, ambako hapakuwa na tajiri wa kununua magari. Kuna watu wa mji mdogo, wengine wakulima wa ng'ombe wa maziwa, wanaosema: "Wafu hawa ni wetu, na somo hili ni letu." Makumbusho hufunguliwa majira ya joto, kuanzia mwisho wa Mei. Hufungwa tarehe 8 Oktoba, siku ya moto wenyewe.

FEDHA ZINAKWENDA WAPI

Sasa turudi kwenye swali letu. Michango ya nini?

Kwanza, nyumba yenyewe inazeeka. Paa likivuja, karatasi zilizokaa miaka 150 zinaharibika katika masika moja. Picha za zamani hufifia zikipigwa na jua. Nguo huliwa na wadudu. Anayeweka mahindi ghalani anafahamu kazi hii. Kuvuna si mwisho. Ukikaa mwaka mmoja bila kulikagua ghala, dumuzi atakula na wewe utabaki na unga wa vumbi.

Pili, watoto wa shule lazima waelezwe. Kitu kilichowekwa mezani hakisemi chenyewe. Lazima awepo mtu wa kusema: hiki kilikuwa kijiko, kiliyeyuka kwa sababu hii. Huyo mtu anahitaji taa, kiti, na ufunguo wa mlango.

Wala kuchangia mambo ya moto si jambo geni kwa watu wa nchi ile. Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin na majirani zake waliunda chama cha kuzima moto. Kila mwanachama alitakiwa awe na ndoo za ngozi nyumbani, tayari, pamoja na mifuko na vikapu vya kuokolea mali. Walikutana mara moja kwa mwezi. Asiyehudhuria alitozwa faini ndogo. Faini hizo zilinunua pampu, ngazi na kulabu za kuvutia mapaa. Yaani uvivu wa wanachama ndio ulionunua vyombo! Makatibu wa vyama vyetu wanaweza kuifikiria njia hiyo.

Padre Pernin mwenyewe alipoandika kitabu chake mwaka 1874, alikiuza ili apate fedha za kujenga kanisa jipya badala ya lililoungua. Waliokinunua walisaidia ujenzi. Lakini bila kujua walifanya jambo jingine kubwa zaidi. Waliyafanya maneno yake yabaki. Bila kitabu kile tusingejua habari za daraja, wala za mama na pembe ya ng'ombe, wala za ile mioto midogo ya wakulima.

Hapo ndipo penye jibu. Kaburi linakuambia kwamba watu walikufa. Halikuambii kwa nini. Sababu ya moto hupotea upesi kuliko majina ya wafu. Baada ya miaka 20 watu husema, "Yalikuwa mapenzi ya Mungu," au, "Ulikuwa upepo." Upepo ulikuwapo kweli. Lakini upepo hauwashi moto. Makumbusho ya Peshtigo yanaweka sababu mahali pa wazi, ili mkulima wa leo aione.

Tena somo lenyewe limesaidia wengi. Tangu mwaka 1911 wakuu wa zimamoto Marekani walianza kuadhimisha siku ya kuzuia moto, wakikumbuka moto wa Oktoba 1871. Mwaka 1925 Rais Calvin Coolidge alitangaza wiki nzima ya kuzuia moto. Mpaka leo wiki hiyo huadhimishwa kila mwaka mwezi Oktoba, wiki yenye tarehe 9. Shuleni watoto hufundishwa jinsi ya kutoka katika nyumba inayowaka.

NENO LA BWANA SHAMBA

Siwezi kuandika habari za moto shambani kisha nikanyamaza kuhusu moto wetu. Kama unaweza kutayarisha shamba bila kuchoma, fanya hivyo. Mabua yakioza yanarutubisha udongo, na yakiachwa juu yanazuia jua lisikaushe ardhi. Kama huna budi kuchoma, kwanza pata kibali cha serikali ya kijiji. Waambie majirani siku na saa. Lima njia ya kuzuia moto kuzunguka sehemu utakayochoma, uondoe majani yote mpaka udongo uonekane. Usichome siku ya upepo. Usichome peke yako. Kuwe na watu, maji, na matawi mabichi ya kupigia.

Na kesho yake urudi. Hili watu wengi hawalifanyi. Weka mkono karibu na visiki. Kisiki kinaweza kuonekana kimezimika juu, kumbe mizizi inawaka chini, kama vile vinamasi vya Peshtigo. Kikiwa na joto, mwaga maji, chimbua, mwaga tena.

Kuhusu kuchangia, sikutumi utume shilingi zako Marekani. Watu wa Peshtigo wanaitunza nyumba yao. Nataka uangalie kijijini kwako. Mara ngapi moto umekula mapori yenu, mizinga ya nyuki, migomba, au nyumba za watu? Nani anakumbuka ulianzia wapi? Wazee wawili au watatu. Wao wakiondoka, habari hizo zinaondoka nao. Kwa harusi tunachanga bila kusukumwa. Kununua daftari la kurasa mia na sanduku la kuliwekea visiingie mchwa ni kazi ya siku moja.

Basi darasa lenu la kisomo likikutana, mwalikeni mzee mmoja aliyeuona moto mkubwa wa kwenu. Ninyi mnajua kuandika sasa. Andikeni mwaka, mwezi na saa. Andikeni upepo ulitoka upande gani, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Andikeni moto uliwashwa kwa kazi gani, ulivuka wapi, ulizimwa na nini, na ni nani walioumia. Kama kuna jembe lililoungua mpini au sufuria iliyoyeyuka, iwekeni pamoja na daftari, ofisini au shuleni. Jina la mtu aliyewasha si lazima liandikwe.